Kigoma hadi Washington kwa Ndege: Saa 13, Saa 21 au Saa 28?

Swali la msomaji: Mwanangu ana safari ya masomo mwezi Agosti kutoka hapa Kigoma hadi Washington, Marekani. Tovuti moja ya kupima umbali imenionyesha kilomita 11,830 na muda wa kuruka wa saa 13 na dakika 40. Tiketi yake inaonyesha kwamba anaondoka Kigoma 10:40 na kufika Dar es Salaam 12:50. Anaondoka Dar es Salaam 17:10 na kufika Addis Ababa 19:55. Kisha anaondoka Addis Ababa 22:30 na kufika Washington 08:00 ya siku inayofuata. Chini yake imeandikwa kwamba jumla ni saa 28 na dakika 20. Mimi nikihesabu kutoka 10:40 hadi 08:00 napata saa 21 na dakika 20. Hesabu ipi ni ya kweli, na simu yake niitegemee saa ngapi? (Mama wa mwanafunzi, Mwanga, Kigoma)

Jibu: Shikamoo mama. Nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Safari ya mwanao, tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Kigoma hadi nyingine inaposimama Washington, itachukua saa 28 na dakika 20 kama tiketi inavyosema, na atakapotua, hapo Kigoma itakuwa saa tisa alasiri ya siku ya pili. Saa 13 na dakika 40 ulizoziona kwenye tovuti ni muda wa ndege ambayo haipo, yaani ndege ya kubuni inayotoka Kigoma moja kwa moja bila kutua popote. Saa 21 na dakika 20 ulizozipata mwenyewe ni tofauti kati ya saa mbili za ukutani katika miji miwili isiyolingana majira. Hesabu yako ya kutoa haina kasoro. Zimebaki tu saa saba ambazo Washington huwa nyuma yetu mwezi Agosti, na ukiziongeza utaona zinakamilisha 28 na dakika 20 bila kupungua hata dakika moja.

Sasa umbali. Uwanja wa ndege wa Kigoma, ambao kwenye tiketi huandikwa TKQ, uko karibu digrii 4.9 kusini mwa ikweta na digrii 29.7 mashariki. Uwanja wa Dulles, wenye alama IAD, ambao ndio unaopokea ndege nyingi za masafa marefu ziendazo Washington, uko karibu digrii 38.9 kaskazini na digrii 77.5 magharibi. Tovuti huchukua namba hizo nne tu, hudhania kwamba dunia ni tufe, kisha hutafuta njia iliyo fupi kuliko zote juu ya tufe hilo, ambayo wanahisabati huiita duara kuu kwa kuwa ukiiendeleza itaizunguka dunia yote na kuigawa katika nusu mbili zilizo sawa. Pembe kati ya viwanja hivi viwili, ikipimwa kutoka kwenye kiini cha dunia, ni kama digrii 106.4. Kila digrii ina dakika sitini za pembe, na kila dakika ya pembe ni takriban maili moja ya baharini, kipimo ambacho kimataifa kimewekwa kuwa mita 1,852 na ambacho marubani na manahodha wanakitumia hadi leo kwa sababu kinatoka kwenye umbo la dunia lenyewe. Digrii hizo zinatoa maili za baharini karibu 6,380, nazo ndizo kilomita 11,800 na ushee ulizoonyeshwa.

Ukikuta tovuti nyingine inatoa kilomita ishirini au thelathini zaidi au pungufu, usihangaike nayo. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kiasi kwamba kutoka kwenye kiini chake hadi ikweta ni kilomita 6,378, ilhali hadi ncha ya kaskazini au ya kusini ni kilomita 6,357. Tovuti moja huuzingatia mbonyeo huo na nyingine huupuuza. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hapo, kagua majina kwanza. Kuna jimbo la Washington upande wa pili kabisa wa Marekani, kwenye pwani ya Pasifiki, ambalo uwanja wake mkuu ni ule wa Seattle, na kutoka Kigoma hadi huko ni zaidi ya kilomita 14,500. Vilevile mji mkuu wa Washington unahudumiwa na viwanja vitatu, kile cha Dulles kilichoko Virginia, kile cha Reagan kilicho karibu zaidi na mjini, na kile cha Baltimore katika jimbo la Maryland. Kwa umbali wa safari nzima tofauti yao ni ndogo, lakini kwa ndugu anayekwenda kumpokea mgeni tofauti hiyo ni kubwa sana. Nimewahi pia kuona watu wakiandika Kigoma, programu ikawapa Kigali, nao wasigundue hadi mwisho.

Lipo jambo la kufurahisha katika njia hiyo fupi. Ukiifuata juu ya tufe, inatoka Kigoma kuelekea kaskazini magharibi, inavuka ziwa na misitu ya Kongo, inapita mpakani mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kameruni, inaikata Nijeria, inapita Niger na Mali juu ya jangwa la Sahara, inaiacha Afrika karibu na Visiwa vya Canary, kisha inavuka bahari ya Atlantiki hadi Virginia. Hakuna ndege ya abiria inayopita njia hiyo kutoka Kigoma. Mwanao anayekwenda magharibi ataanza safari yake kwa kwenda mashariki kilomita 1,080 hivi hadi Dar es Salaam, na kwa hesabu ya duara kuu, atakapokuwa amekaa kwenye kiti akisubiri ndege ya pili atakuwa mbali zaidi na Washington kwa takriban kilomita 950 kuliko alipokuwa Kigoma asubuhi, kwa sababu kutoka Dar es Salaam hadi Dulles ni karibu kilomita 12,780. Tovuti haiyajui hayo, kwa kuwa kazi yake ni kupima nukta mbili, na ratiba za ndege haizitazami kabisa.

Muda wa saa 13 na dakika 40 nao haukutoka kwenye ratiba yoyote. Tovuti za namna hiyo kwa kawaida hugawanya umbali kwa mwendo mmoja uliokubaliwa, tuseme kilomita 900 kwa saa, kisha huongeza nusu saa hivi kwa ajili ya kupaa na kutua. Gawanya 11,830 kwa 900, ongeza dakika thelathini, utapata kile kile walichokuandikia. Ni makadirio mazuri kwa mtu anayetaka kujua kama mji fulani uko mbali au karibu, lakini hayafai kumpangia msafiri.

Mfano ulio karibu nawe kuliko wote utaonyesha jinsi umbali na muda vinavyoachana. Ndege zinazotoka Kigoma kwenda Dar es Salaam mara nyingine huenda moja kwa moja na mara nyingine hupitia Tabora. Tabora iko karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka kati ya miji hii miwili: Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 350, Tabora hadi Dar es Salaam ni kama 730, na jumla yake inaizidi njia ya moja kwa moja kwa kilomita zisizofika hata kumi. Kwa kilomita, abiria hajapoteza kitu. Kwa muda amepoteza karibu saa nzima, kwa sababu ndege inapaswa kupunguza mwendo na kushuka, kutua, kwenda polepole hadi kwenye maegesho, kuteremsha watu na mizigo, kupakia wengine, kisha kupaa upya na kutumia mafuta mengi kupanda tena juu. Mtu aliyezoea reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hahitaji kuelezwa sana kuhusu gharama ya kusimama stesheni, na ndege kila inaposhuka hulipa gharama hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Aina ya ndege nayo ina neno lake. Ndege ya mapanga ya aina ya Q400, ambayo Air Tanzania huitumia katika njia nyingi za mikoani, mwendo wake wa juu ni kama kilomita 660 kwa saa, wakati jeti ya A220 ya shirika hilo hilo hupita kilomita 800 kwa saa ikiwa angani. Katika njia ya kilomita 1,080 tofauti hiyo ni ya nusu saa au chini yake. Saa mbili na dakika kumi zilizoandikwa kwenye tiketi ya mwanao hazina cha kutilia shaka, maana ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine, pamoja na dakika zote za kujivuta ardhini ambazo abiria huzisahau.

Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni karibu kilomita 1,760, na kutoka Addis Ababa hadi Dulles ni karibu 11,560. Ukijumlisha na zile za Kigoma unapata kilomita 14,400, yaani zaidi ya ulizoonyeshwa kwa takriban 2,570. Usione kwamba mwanao amezungushwa. Njia ya Doha, ambayo nayo ni maarufu kwa wasafiri wa Dar es Salaam, ingempeleka kilomita zinazokaribia 16,000, kwa kuwa angepanda kaskazini mashariki hadi Ghuba ya Uajemi kisha kurudi magharibi yote aliyoiacha. Kwa kilomita, njia ya Addis Ababa ni miongoni mwa njia fupi anazoweza kuzipata mtu anayeanzia Kigoma. Kwa saa, hata hivyo, ina jambo moja ambalo tiketi yenyewe huenda isilieleze, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo kwa sababu ndipo penye kiini cha swali lako.

Tazama kipande cha mwisho. Kuondoka Addis Ababa 22:30 na kufika Washington 08:00, baada ya kurekebisha majira, ni saa 16 na dakika 30. Kilomita 11,560 kwa mwendo wa 900 kwa saa zingechukua chini ya saa 13. Saa tatu na nusu zaidi zimekwenda wapi?

Sehemu kubwa imekwenda kwenye urefu wa Addis Ababa kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu, na kwenye urefu huo hewa ni nyepesi. Bawa hupata nguvu ya kuinua ndege kutokana na hewa inayopita juu na chini yake, na injini nayo huvuta hewa hiyo hiyo ili kuchoma mafuta na kusukuma, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi vyote viwili hupungua. Ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi kwenye njia ya kurukia kabla ya kuinuka, ilhali msukumo wa kuifikisha kwenye kasi hiyo ni mdogo. Sasa fikiria uzito wa ndege ya masafa marefu. Jeti ya Boeing 787-8 inaweza kubeba zaidi ya lita 120,000 za mafuta, ambazo peke yake zina uzito unaokaribia tani 100. Kutoka uwanja ulioko pwani, kama wa Dar es Salaam, ndege huweza kupaa na mafuta mengi pamoja na abiria wake wote. Kutoka Addis Ababa ni lazima kupunguza kimojawapo. Ethiopian Airlines kwa miaka mingi imechagua kupunguza mafuta, ikapaa na kiasi kinachotosha kufika mahali pa kati, ikajaza hapo, kisha ikaendelea hadi Washington. Miji iliyotumika kwa kazi hiyo katika nyakati mbalimbali ni pamoja na Roma na Dublin. Kupitia Dublin huongeza chini ya kilomita 300 tu, lakini kushuka, kujaza mafuta kwa saa moja au zaidi na kupanda tena hula muda ule ule tuliouona Tabora, ila kwa kipimo cha ndege kubwa.

Ikiwa ndege ya mwanao itapita njia ya aina hiyo, mwambie mapema ili asishtuke atakaposikia inashuka katikati ya usiku. Kwa kawaida abiria wa Washington hubaki kwenye viti vyao, mizigo haiguswi, na tiketi huendelea kuwa na namba moja ya safari kana kwamba ndege haikutua. Ndiyo maana mtu huona mstari mmoja kwenye tiketi na kudhani ni mruko mmoja. Akitaka kujua kwa hakika kabla ya kuondoka, amwombe wakala au ofisi ya shirika imsomee idadi ya vituo katika kipande hicho.

Wakati wa kurudi hali hubadilika. Dulles iko chini, karibu mita 95 tu kutoka usawa wa bahari, hivyo ndege hupaa na mafuta ya kutosha na kufika Addis Ababa bila kutua popote, kwa muda wa karibu saa 13. Njia ni ile ile na kilomita ni zile zile, ila muda umepungua kwa zaidi ya saa tatu. Urefu wa Addis Ababa ndio unaochukua sehemu kubwa ya tofauti hiyo, na iliyobaki huchukuliwa na upepo.

Kwenye kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili, katika latitudo za kati za kaskazini, huvuma mikondo ya upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, ambayo mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa na huwa na nguvu zaidi katika miezi ya baridi ya huko. Ndege iendayo Marekani hupambana nao, na itokayo Marekani husukumwa nao. Si lazima upepo uwe mkali safari nzima ili uonekane kwenye ratiba: tukichukua wastani wa kilomita 50 tu kwa saa, ndege ya mwendo wa 900 itakwenda kwa 850 kuelekea magharibi na kwa 950 kuelekea mashariki, na katika kilomita 11,560 hiyo ni saa 13 na dakika 36 dhidi ya saa 12 na dakika 10. Watayarishaji wa safari huchagua kila siku njia itakayomaliza safari kwa mafuta machache, na mara nyingi njia hiyo huwa ndefu kwa kilomita lakini fupi kwa saa. Njia za juu ya Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya kila siku kwa kufuata utabiri wa upepo, kwa hiyo ndege ya Jumatatu na ya Jumanne, ingawa zina namba moja, zinaweza kupita mbali na mbali.

Niongeze kwa kifupi kwamba anga nazo hufungwa. Duara kuu kutoka Addis Ababa hadi Washington linapita juu ya Sudan, Libya na Algeria kabla ya kuvuka Uhispania na Ureno. Vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, sehemu kubwa ya anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na mashirika yakalazimika kuzunguka. Tovuti ya kupima umbali haitakwambia hayo. Namba yake ilikuwa ile ile kabla ya vita na baada ya vita.

Nirudi kwenye saa, mahali ambapo watu wengi huteleza. Tanzania na Ethiopia zote mbili ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, kwa hiyo vipande viwili vya kwanza vya safari havihitaji marekebisho yoyote. Washington huwa nyuma ya UTC kwa saa nne katika majira yao ya joto, na kwa saa tano katika majira ya baridi, kwa sababu Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Agosti, basi, kati ya Kigoma na Washington kuna saa saba. Njia isiyokosewa ni kupeleka nyakati zote mbili kwenye UTC: 10:40 ya Kigoma ni 07:40, na 08:00 ya Washington ni 12:00 ya siku ya pili, na katikati yake ni saa 28 na dakika 20. Vipande vyenyewe vinakubali: saa 2 na dakika 10 hadi Dar es Salaam, saa 4 na dakika 20 za kusubiri, saa 2 na dakika 45 hadi Addis Ababa, saa 2 na dakika 35 za kusubiri tena, na saa 16 na dakika 30 za mwisho.

Kwa anayerudi, hesabu hugeuka. Akiondoka Washington 11:00 wakati wa likizo ya Desemba na kufika Addis Ababa 08:00 ya siku inayofuata, saa za ukutani zitaonyesha saa 21, lakini sasa unapunguza, na kwa kuwa ni majira ya baridi unapunguza nane, unabaki na 13.

Kisha kuna saa zetu za Kiswahili. Tiketi zote hufuata saa 24 zinazoanza usiku wa manane, hivyo 10:40 ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, 17:10 ni saa kumi na moja na dakika kumi jioni, na 22:30 ni saa nne na nusu usiku. Waethiopia nao, kama sisi, huanza kuhesabu saa za mchana tangu alfajiri, kwa hiyo mwanao akimuuliza mtu saa ngapi akiwa Addis Ababa anaweza kujibiwa kwa namna aliyoizoea nyumbani, wakati ubao wa uwanjani unaonyesha namba nyingine. Afuate ubao. Hatari halisi iko kwenye safari zinazoondoka kati ya saa sita usiku na alfajiri. Tiketi inayosema 00:40 ya tarehe 12 inamtaka msafiri awe uwanjani usiku wa tarehe 11, maana tarehe ya tiketi hubadilika usiku wa manane, ilhali sisi katika mazungumzo bado tunauita usiku ule ule. Safari ya mwanao haina mtego huo wakati wa kwenda, lakini tiketi ya kurudi ni ya kukaguliwa kwa jicho hilo.

Hapo Kigoma kuna jambo jingine dogo ambalo watu wa Dar es Salaam hawalijui. Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu, na simu iliyoko kando ya ziwa inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na kujirekebisha saa yenyewe bila kukuuliza. Asubuhi ya safari, saa ya simu iwekwe kwa mkono. Na kwa kuwa Kigoma iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa digrii tisa na nusu za longitudo, jua hukuchomozea wewe na kukuzamia dakika 38 hivi baada ya kuwafikia wao, ingawa saa ya nchi nzima ni moja. Anayekadiria muda kwa kuangalia jua atajikuta amechelewa.

Kuhusu kusubiri Dar es Salaam kwa saa nne na dakika 20, sioni kama ni muda mrefu mno, na ningekuwa mimi nisingeupunguza. Ndege za ndani kwa kawaida hutumia jengo la pili la uwanja wa Julius Nyerere, na za kimataifa hutumia jengo la tatu lililofunguliwa mwaka 2019, hivyo atahitaji kutoka, kuchukua mizigo ikiwa haikupitishwa moja kwa moja, kuhama jengo na kuanza taratibu upya. Swali muhimu la kumuuliza wakala ni kama kipande cha Kigoma kimo kwenye tiketi ile ile moja na vipande vingine, au kilinunuliwa peke yake. Kikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya Kigoma ikichelewa, mashirika ndiyo yenye wajibu wa kumtafutia nafasi nyingine. Kikiwa peke yake, kuchelewa ni hasara ya msafiri, na hapo ningeshauri kwa nguvu aondoke Kigoma siku moja kabla na kulala Dar es Salaam. Katika hali hiyo akague pia uzito wa mizigo, kwa sababu kiasi kinachoruhusiwa katika safari ya Marekani mara nyingi huwa kikubwa kuliko kile cha safari ya ndani, na kilo zilizozidi hulipiwa Kigoma hapo hapo.

Sasa simu. Ndege ikifika kwa wakati, itasimama Dulles saa tisa alasiri ya Kigoma, siku inayofuata ile aliyoondoka. Baada ya hapo ana foleni ya uhamiaji, kuchukua mizigo na forodha, mambo ambayo huweza kuchukua saa moja na mara nyingine mbili, na huenda laini yake ya simu isifanye kazi hadi apate intaneti ya uwanjani au akutane na mwenyeji wake. Usianze kuwa na wasiwasi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukitaka kujua mapema zaidi, chukua namba ya safari ya kipande cha mwisho uiandike kwenye tovuti ya shirika au programu yoyote ya kufuatilia ndege. Itakuonyesha kama imetua hata kabla yeye hajapata mtandao.

Akishazoea huko mtapanga saa ya kuongea. Ukichagua saa mbili usiku ya Kigoma, mwezi Septemba itamkuta saa saba mchana. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba itamkuta saa sita mchana, na kama wakati huo yuko darasani, sogeza simu yako hadi saa tatu usiku hadi Machi.